Kwa Nini Sikumlilia Mwanao

Laini za Polisi,
Garissa.
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Nakushika mikono yote miwili, Mama, na kuinama kama ulivyonifundisha siku nilipoletwa kwenu. Umeamkaje? Kifua kimekuachia kidogo, au bado kinakubana ukipanda kutoka kisimani? Na Ester wangu hajambo? Analala? Ananiulizia? Desturi inataka sasa niandike kwamba mimi huku ni mzima, wa hofu ni ninyi. Sitaandika hivyo. Mimi huku si mzima, Mama. Ninafagia, ninachota maji, ninaitika nikiitwa, lakini si mzima.

Wifi Rispa, najua wewe ndiye unayesoma. Msomee Mama polepole, usiruke mahali kwa kuona haya, wala usilainishe neno. Nilitaka kukuambia kwamba kama kuna watu hapo nyumbani, ngojeni waondoke kwanza. Nimebadili nia. Wakiwepo, ni vizuri zaidi. Soma kwa sauti.

Koplo Mutiso, yule aliyelisindikiza jeneza la mwanao Zakayo mpaka Butere, amerudi juzi na msafara wa malori. Alikuja kunipa pole, akakaa kwenye kigoda, akawa anazungusha kofia yake mikononi mpaka nikamwambia, "Sema tu, Koplo. Mimi sina tena cha kuvunjika." Ndipo akasema. Kwamba kwenye mazishi watu walinitafuta wasinione. Kwamba Mama Saulo, jirani yangu wa hapa laini, aliyepanda lori lile lile akienda kwao, aliwasimulia waombolezaji kuwa mjane alisimama kando ya jeneza macho makavu, kimya kama mgeni, huku anakunywa maziwa ya Msomali. Na kwamba wewe, Mama, ulisema mbele ya wazee: "Asiyemlilia mwanangu asije akamlilia mwanawe. Mtoto atabaki hapa."

Ningekuwa na nguvu ningekasirika. Unanijua, mimi si mtu wa kuchokozwa nikanyamaza. Lakini Koplo alipoondoka nilikaa pale pale chini mpaka jua likahama chumba kizima. Ester ndiye kitu pekee nilichobakiwa nacho duniani. Tulimleta kwako kwa sababu huku kulikuwa na risasi, si kwa sababu nilichoka kumlea. Sasa naambiwa nimempoteza kwa sababu ya koo. Kwa hiyo lazima nikueleze habari ya koo langu yote, hata kama inachosha.

Unalikumbuka, Mama. Mwaka ule niliojifungua Ester nililala kwako siwezi kumeza hata uji, shingo imevimba, pumzi inanuka mpaka najionea haya mwenyewe. Ni wewe uliyenichemshia maji ya chumvi nisukutue. Ni wewe pia uliyetaka nipelekwe kwa yule mzee wa ng'ambo ya mto anayekata kimeo, Baba Ester akakataa, mkagombana naye kutwa nzima. Haya, kumbe hakikuwa kimeo. Yalikuwa mafindofindo, na Garissa ndiko yalikonimaliza. Vumbi la hapa linaingia hata kwenye chumvi. Kila kiangazi homa, kila homa sindano, na nguo za watu zinalala kwenye cherehani hazijashonwa. Nilikuwa nakoroma hata Baba Ester akawa ananitania kwamba askari wa zamu wanadhani msafara umeingia.

Basi akapita daktari mpasuaji kutoka Nairobi, akanimulika kooni kwa tochi, akasema zile tezi mbili za pembeni zimeoza, zitolewe. Dresa wa hospitali akanifasiria mengine: kwamba mtoto akitolewa tezi hizi, baada ya siku chache anacheza, mtu mzima huumia, tena siku za mbele huuma kuliko za kwanza. Mimi nilitaka kukataa. Nilikwisha vaa kanga yangu niondoke. Zakayo ndiye aliyenirudisha. Alisema, "Katwa, mama, upone. Nimechoka kukuona unameza mate kwa machozi."

Nikakatwa. Kesho yake asubuhi akaja wodini amevaa sare, maana kikosi chao kilikuwa kinatoka kwenda Modogashe. Alikaa ukingoni mwa kitanda, bunduki magotini, akanitazama nilivyofunga mdomo, akacheka. "Leo ndiyo siku yangu," akasema. "Tangu nikuoe sijawahi kusema jambo likaisha bila kujibiwa." Akaongea mpaka akachoka. Akazungumza juu yako, kwamba likizo ikifika atakuja kuliezeka upya jiko lako kabla ya mvua. Akasema akirudi atanipikia uji mwenyewe, hata kama utakuwa na madonge. Kisha honi ikalia nje, akainuka. Nilitaka kumwambia aende salama. Koo lilikataa, nikainua mkono. Hivyo ndivyo tulivyoagana, Mama. Mkono tu.

Maumivu ya kitu kile siwezi kuyaeleza vizuri. Hayakukaa kooni, yalipanda masikioni, nikadhani wamenikata na huko. Uchungu wa uzazi huja ukaondoka, unapumua kidogo. Huu haukuondoka. Na mimi nikaongeza ujinga wangu juu yake. Kwenu na kwetu Taita, sote tunajua kidonda huachwa kitulie, hakichokorwi. Nikaamua koo langu nalo lipumzike. Sinywi maji, sinywi uji, hata mate natema kwenye kopo. Nikajiona mgonjwa mwenye akili sana. Ulimi ukawa mkavu kama gome, midomo ikapasuka, homa ikapanda, na kila nikimeza kwa bahati mbaya naona kama nimemeza wembe.

Dresa alipoliona lile kopo alinifokea wodi nzima ikageuka. "We mama, unajikausha! Koo si goti, ulifunge kitambaa ukae! Koo hupona kwa kufanya kazi." Akaniwekea sheria. Kwanza ninywe vidonge vya maumivu vilivyopondwa, ningoje vishike, ndipo nile. Ninywe maji kila wakati, hata kama machozi yananitoka. Nitafune, hata kama sitaki. Vyote viwe baridi na laini, pilipili na chai ya moto nisiviguse. Nilale kichwa kikiwa juu. Kisha akainama, akasema taratibu ili nielewe: "Na usipige kelele. Usikohoe kwa nguvu, usikwaruze koo, usipaze sauti kwa jambo lolote. Pale palipokatwa pataota utando mweupe. Huo ndio mlango. Ukifunguka kabla ya wakati utamwaga damu, na hapa mimi sina damu ya kukuongeza."

Kwa jambo lolote. Ndivyo alivyosema, Mama. Nani angejua.

Nilijaribu maji ya mto yaliyochemshwa, yaliyotundikwa dirishani kwenye mfuko wa turubai yapozwe na upepo. Yalikuwa yanachoma hata hivyo. Kwenye kitanda cha pili alilazwa bibi mmoja wa Kisomali, na binti yake, Hawa, alikuwa akimuuguza. Ngamia wao wengi walikwisha chukuliwa na serikali, alibaki na mmoja tu wa maziwa, na maziwa yenyewe alimletea mama yake kwenye chombo cha kusukwa kinachonukia moshi. Siku hiyo akanimiminia mimi. "Bole, abaayo," akasema. Abaayo kwao ni dada. "Koo hii nataka maziwa. Kunywa bolebole." Mama Saulo alikuwa amekuja kunitazama, akanikonyeza nisinywe. Huko nje waume zetu wanawindana na waume zao, eti. Lakini mwenye kiu hachagui mtungi. Nikanywa, na kwa mara ya kwanza kitu kikashuka bila kunikwaruza. Tangu hapo aliniletea kila siku, na anjera, chapati yao laini, niitafune ndani ya maziwa. Sikumwomba. Hakunidai.

Sasa fika hapa polepole, Rispa.

Ilikuwa asubuhi, katika zile siku mbaya alizozitabiri daktari, utando umeota, masikio yanawaka moto. Nikasikia kilio kinaanzia getini. Wewe unajua, Mama, kilio cha kwetu hujulikana kinakokwenda. Kikapita wodi ya wanaume. Kikapita mlango wa wenye kifua kikuu. Nikawa najiambia si mimi, si mimi, mpaka kikaingia kwangu, wanawake wa laini mikono vichwani, na Mama Saulo mbele yao: "Mkawasi! Zakayo hayupo! Lori lao limekanyaga bomu barabarani, Zakayo hayupo!"

Mama, nilifungua kinywa. Mungu ni shahidi yangu. Nilifungua kinywa mpaka taya zikalia. Ikatoka pumzi tu yenye mluzi, na maumivu yakanipiga hata nikaona giza. Nikavuta pumzi ya pili nipige ukelele wenyewe, ndipo dresa akaruka akaniziba mdomo kwa kiganja. Alinikandamiza pale kwenye mto wa kitanda kwa nguvu zote, mwanamume mzima, huku na yeye analia, akisema, "Usilie, mama, usilie, utakufa, usilie." Wanawake waliona mgongo wake. Hawakuona machozi yangu yanavyopita kati ya vidole vyake. Macho makavu? Mwambieni Mama Saulo aje anikute kanisani aseme neno hilo tena.

Nilitaka kuja naye. Usifikiri nilibaki kwa kupenda. Nilimvuta inspekta shati, nikamwonyesha lori, nikajionyesha mimi. Inspekta alikuwa radhi. Dresa akasema njia ile ni vumbi na mashimo tangu hapa mpaka Thika, mlango ukifunguka porini watateremsha majeneza mawili. Wakazungumza wanaume wenyewe kwa wenyewe, wakamaliza. Mtu asiye na sauti hashindi shauri, Mama. Nimejifunza.

Lori liliposimama mbele ya hospitali nikasindikizwa nje nikamuage. Sanduku lilikuwa limekwisha pigiliwa misumari. Koplo alisema ni afadhali nisiombe lifunguliwe. Wenzangu wote walikuwa wanalia kwa sauti, wanajitupa chini, wageni kabisa, watu ambao Zakayo hakuwahi kula kwao. Na mimi mwenye mume nimesimama nimefunga mdomo. Hawa alikuja nyuma yangu na kikombe, maana tangu jana yake sikuwa nimegusa kitu, akakitia mkononi mwangu. Nilikishika kwa sababu mkono ulikuwa mtupu.

Na ndiyo, nilikunywa. Hilo Mama Saulo hakusema uongo. Lori lilipowashwa nilisikia kilio kinapanda kutoka tumboni kwa nguvu zake zote, kimefika hapa, na sikuwa na kitu kingine cha kukizuia ila kumeza. Nikapiga funda. Nikakimeza kilio cha mume wangu pamoja na maziwa, Mama, nikapiga funda jingine, na jingine, mpaka lori likapinda kona. Hicho ndicho walichokiona. Waliona shingo yangu inapanda na kushuka wakasema mjane ana njaa.

Hawa alinishika bega. Kwao mwanamke anayenyamaza msibani husifiwa, wanaona kupiga mayowe ni kumgombeza Mungu. Akaniambia, "Masha Allah, abaayo. Wewe nakuwa na subira." Nilitamani kumpiga kofi. Mimi sikuwa na subira hata chembe. Nilikuwa na kidonda.

Baada ya siku chache wakaniruhusu nirudi nyumbani. Ile nyumba, Mama! Buti zake za zamani ziko mlangoni, wembe wake uko dirishani. Utando ulikuwa umeanza kubanduka vipande vipande, na dresa alisema hapo ndipo hatari. Alasiri moja nikaiokota soksi yake chini ya kitanda, mbovu, nilikuwa nimeahidi kuitia kiraka. Nikaanza kulia. Si kwa sauti, kwa mabega tu, nimejiziba na mto. Nikasikia ladha ya chuma. Nilipoutoa mto ulikuwa mwekundu. Nilitembea mpaka hospitali nimekinga kanga kinywani, askari wa kizuizi wakanipisha bila kuuliza. Wakanipa maji ya barafu kutoka jokofu lao la mafuta ya taa nisukutue, wakabana na pamba, dresa akanishika kichwa mpaka damu ikakubali kusimama. Nitakuambia ukweli, kwa kuwa wewe ni mama: nililala pale nikatamani wasingeizuia. Kisha nikamkumbuka Ester, nikakaa kimya waendelee.

Hivyo ndivyo nilivyomlilia mwanao. Mara moja kwa pumzi, mara moja kwa damu. Kwa sauti, bado.

Mengine ya huku hayana maana tena. Nyumba hii ni ya serikali na kuna konstebo mwingine anayekuja na mke wake, amri imekwisha toka niipishe. Cherehani nimeifunga kwenye gunia. Hawa naye hayupo. Watu wao wamekusanywa kwenye kambi iliyozungushiwa miiba nje ya mji, hawatoki bila ruhusa, na yule ngamia sijui kama bado yu hai. Mama yake alifia pale wodini, akazikwa kabla ya jua kutua, na Hawa hakupiga hata ukelele mmoja. Hakuna aliyemuuliza kama alimpenda. Nilikwenda kumpa pole, nikakaa naye tu. Kwa koo langu na Kiswahili chake hatukuwa na la kusema.

Kumeza sasa nameza. Naweza kula ugali nikiumega mdogo na kuuchovya mchuzi. Masikio yametulia. Dresa anasema koo limepona vizuri, eti angependa kumwonyesha yule mpasuaji. Sauti ndiyo haijarudi, inatoka nyembamba, ya kukwaruza, haivuki chumba. Anasema itarudi, nisiilazimishe. Sijui. Siku hizi siamini kitu kinachosemwa kitarudi.

Nisalimie bibi, mama mzazi wa Baba, na umwambie lile blanketi lake nimemaliza kulipinda. Nisalimie shemeji Jafeti. Nimesikia ndiye aliyeshika msalaba, ahsante, hata kama aliunga mkono yaliyosemwa. Nisalimie mke wa mwinjilisti aliyenifundisha nyimbo za kwenu. Rispa, wewe nakusalimia mwenyewe, mdomo wako umechoka. Mbusu Ester, umwambie mama yake anakuja.

Maana nakuja, Mama. Msafara unaofuata umenipa nafasi nyuma ya lori la magunia, na nikifika Thika nitatafuta usafiri wa kuendelea. Siji kugombana na wewe wala kuwagombeza wazee. Mtoto akikaa kwako, nitakaa naye kwako. Ukinifukuza, nitalala nje ya ua wako. Najua desturi: anayekuja msibani huanza kulia tangu njiani, na mjane zaidi ya wote. Nitajaribu. Lakini sauti niliyo nayo haitafika hata kwenye mlango wa jirani, na watu watasema tena, na safari hii sitaweza kuvumilia.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu, kwa ajili yake yeye uliyemzaa. Ukisikia nimefika njia panda, usiningojee nyumbani. Njoo unipokee barabarani, unishike mkono, na ulie wewe. Lia kwa sauti yako yote, kama ulivyolia lilipoteremshwa sanduku. Mimi nitatembea kando yako nimefungua kinywa, na atakayetusikia kwa mbali asijue ni nani kati yetu anayelia.

Ni mimi mkaza mwana wako,
Mkawasi, mama yake Ester.